Jinsi ya Kusakinisha Haiku na Kuisoma Historia ya BeOS Ndani Yake

Haiku ni mfumo endeshi huria wa kompyuta za mezani na za mpakato, ulioanza kuandikwa mwaka 2001 kwa lengo la kuufufua mfumo mwingine, BeOS, ambao kampuni yake ilikuwa ikifikia mwisho mwaka huohuo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuujaribu na kuusakinisha. Hata hivyo, kila hatua itaeleza pia kilichoizaa, kwa sababu mambo mengi yanayomtatiza mgeni wa Haiku hayaeleweki bila kujua yalikotoka.

Hatua ya kwanza ni kuchagua toleo. Katika tovuti ya mradi, haiku-os.org, utakuta faili la ISO (nakala kamili ya mfumo ya kuwashia kompyuta) la biti 32 na lingine la biti 64, na wengi huchukua la biti 64 bila kufikiri. Kwa kompyuta ya kisasa huo ndio uamuzi sahihi. Lakini toleo la biti 32 halikuwekwa kwa ajili ya mashine kuukuu pekee: ndilo linaloweza kuendesha programu zilizotengenezwa kwa BeOS ya Intel zaidi ya miaka ishirini iliyopita, bila kuzibadilisha, na ili kulinda uwezo huo waandishi wa Haiku wameendelea kubeba kikusanyi (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) cha zamani sana cha GCC, toleo la 2.95, sambamba na kile kipya. Ukitaka kuonja BeOS yenyewe, chukua la biti 32.

Programu hizo za zamani zina safari ndefu. Jean-Louis Gassée, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa Apple, aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 1990 na kuanzisha Be, kampuni iliyoitengeneza BeOS, huko California pamoja na Steve Sakoman. Nia yao ilikuwa kuandika mfumo upya tangu msingi, usiobeba mizigo ya miaka ya themanini, wenye uwezo wa kucheza video na sauti nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 walitoa kompyuta yao, BeBox, iliyokuwa na prosesa mbili za PowerPC wakati ambapo kompyuta ya kawaida ya nyumbani ilikuwa na moja tu, na mbele yake kulikuwa na safu mbili za taa zilizoonyesha kazi ya kila prosesa. BeBox haikuuzwa sana na utengenezaji wake ulisitishwa mapema mwaka 1997. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Apple ilikuwa ikitafuta mfumo mpya wa Macintosh na ikazungumza na Be kuhusu kuinunua; pande hizo hazikuafikiana bei, na mwezi Desemba Apple ikaichagua NeXT, kampuni ya Steve Jobs, kwa zaidi ya dola milioni 400. Be ilibaki bila mashine yake na bila Macintosh, hivyo mwaka 1998 ikahamishia BeOS kwenye prosesa za Intel. Programu za enzi hiyo ya Intel ndizo toleo la biti 32 linazozielewa.

Hatua ya pili ni kuandaa flashi. Yenye GB 4 au zaidi inatosha, lakini kila kilichomo kitafutika. Kwenye Windows tumia Rufus au Etcher, na kwenye Linux amri ya dd. Ukiona ni usumbufu, tengeneza mashine ya kuigiza katika VirtualBox au QEMU na uliambatishe faili la ISO humo, ukiipa angalau GB 2 za kumbukumbu. Kwa kompyuta halisi, ingia kwanza katika mipangilio yake na uizime Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka, la sivyo Haiku haitawaka. Skrini ikibaki nyeusi, washa upya huku umebonyeza Shift, kisha katika menyu itakayotokea chagua kiendeshi salama cha michoro.

Mfumo ukishawaka utaulizwa lugha, na utapewa nafasi ya kusakinisha au kujaribu tu. Jaribu kwanza. Flashi itakuonyesha kama waya wa mtandao, Wi-Fi na sauti vinafanya kazi kwenye mashine yako, na ni afadhali kujua hayo kabla ya kuigusa diski. Ukiridhika, fungua Installer, ambayo itakupeleka kwenye DriveSetup ili uandae sehemu ya diski kwa muundo wa Be File System. Kwenye kompyuta za UEFI (utaratibu wa kuwasha wa kompyuta za kisasa), utahitaji pia sehemu ndogo ya muundo wa FAT, yenye folda EFI/BOOT, ambamo faili la kuwashia Haiku litakaa. Ushauri wangu ni kutumia kompyuta ya ziada au diski tupu, kwani kosa moja katika DriveSetup linaweza kufuta Windows pamoja na kazi zako.

Kwenye eneo la kazi la skrini utaona Deskbar, yaani upau wa menyu na programu zilizo wazi, kwenye pembe ya juu kulia na madirisha yenye kichwa kifupi cha njano kinachofanana na kichupo cha jalada. Utakaponakili maandishi, kumbuka kwamba kitufe cha amri ni Alt, wala si Ctrl: Alt+C hunakili na Alt+V hubandika. Waanzilishi wa Be walitoka Apple, na kwenye kibodi ya Macintosh kitufe cha amri kiko karibu na nafasi hiyo. Ukishindwa kuzoea, kuna mpangilio wa kuvigeuza, ingawa ningekusihi uvumilie kwa muda.

Sasa fungua ProcessController kutoka Deskbar na utazame orodha ya nyuzi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) za programu iliyo wazi. Utaona kwamba kila dirisha lina uzi wake, jina lake likianza na w>. Hili ndilo lililokuwa wazo kuu la BeOS: dirisha linaendelea kuitikia hata kama kazi nyingine ya programu hiyohiyo imekwama, na prosesa mbili za BeBox zinagawana mzigo bila mtumiaji kufanya lolote. Mwandishi wa programu ndiye aliyelipa gharama, kwa sababu ilimbidi afikirie nyuzi tangu mstari wa kwanza. (Wahandisi hao hawakukosa utani: miongoni mwa maagizo rasmi ya BeOS kulikuwa na is_computer_on, linalouliza kama kompyuta imewashwa.)

Jambo linalostahili muda wako zaidi ni mfumo wa mafaili. BeOS za mwanzo zilihifadhi taarifa za mafaili katika hifadhidata iliyotengana na mafaili yenyewe, na viwili hivyo vilikuwa vikipishana. Mwaka 1996 Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon walianza kuandika BFS, ambayo inaambatisha sifa kwenye faili lenyewe na kuzifanyia faharasa. Ili kuona maana yake, fungua programu ya People, andika majina ya watu watatu au wanne na miji wanakoishi, kisha uhifadhi. Kila mtu sasa ni faili la kawaida. Rudi kwenye Tracker, programu ya kuvinjari mafaili, bonyeza Alt+F, chagua aina ya faili ya mtu, na utafute kwa mji. Acha dirisha la matokeo wazi, kisha badilisha mji wa mmoja wao: orodha itajirekebisha yenyewe papo hapo. Barua pepe hufanya kazi vivyo hivyo. Giampaolo baadaye alikwenda Apple na kushiriki kuijenga Spotlight, zana ya utafutaji ya Macintosh.

Tahadhari: ukinakili mafaili hayo kwenye flashi ya FAT, sifa zote zitapotea, na faili la mtu litabaki tupu. Yafungashe kwanza kwa zip ya Haiku.

Ukishayaona haya utajiuliza kwa nini BeOS haikuenea. Be ilidai kwamba mikataba ya Microsoft na watengenezaji wa kompyuta iliwazuia kumwonyesha mnunuzi mfumo wa pili wakati wa kuwasha. Hitachi, kwa mfano, iliuza kompyuta zenye BeOS ndani bila menyu ya kuichagua. Mwaka 2001 Palm, kampuni ya kompyuta za mkononi, ilinunua mali za Be kwa dola milioni 11, na kesi ya Be dhidi ya Microsoft kuhusu mikataba hiyo ikamalizwa mwaka 2003 kwa dola milioni 23.25 bila Microsoft kukiri kosa. Kwa maoni yangu mikataba hiyo iliumiza, lakini uhaba wa programu na viendeshi uliumiza pia.

Watumiaji waliobaki walianza OpenBeOS mwaka 2001, wakatumia kiini (kernel) cha NewOS kilichoandikwa na Travis Geiselbrecht, mhandisi wa zamani wa Be, na mwaka 2004 wakachukua jina Haiku, kwa kukumbuka ujumbe wa makosa wa kivinjari cha BeOS ulioandikwa kama mashairi mafupi ya Kijapani. Toleo la kwanza la alfa lilitoka mwaka 2009, beta ya kwanza mwaka 2018, na beta ya tano Septemba 2024.

Sehemu ya ucheleweshaji huo, kati ya alfa na beta, ilitokana na kubadilisha namna ya kusakinisha programu, na hapo ndipo unapopaswa kumalizia maandalizi yako. Fungua HaikuDepot kupata programu, na SoftwareUpdater kusasisha mfumo. Usijaribu kuweka mafaili ndani ya /boot/system kwa mkono, kwani yaliyomo hutokana na vifurushi na hayaandikiki. Fahamu pia kwamba Haiku ni ya mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, kwa hiyo usiiweke kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Sasisho likiharibu kitu, washa upya ukiwa umebonyeza Shift, fungua orodha ya diski za kuwashia, na uchague hali ya mfumo ya tarehe iliyotangulia.