Kuchuma uyoga wa miombo Tabora bila kuuharibu msitu

Mvua za Novemba zikishakolea, kandokando ya barabara ziendazo Sikonge na Urambo utawakuta akina mama wamepanga ndoo na sado za uyoga. Wengi wao walifundishwa na mama zao, tangu wakiwa wadogo. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hakubahatika kurithi elimu hiyo: kijana aliyekulia mjini, mtumishi aliyehamishiwa Uyui au Kaliua, au yeyote anayetaka kuingia porini akatoka na mboga, na mwakani aikute tena palepale.

Kabla ya hatua yoyote, elewa unachokichuma. Uyoga unaouona juu ya ardhi ni tunda, kama embe lilivyo kwa mwembe. Mwili wenyewe ni nyuzi laini zilizotandaa udongoni, na kwa aina nyingi za miombo nyuzi hizo zimeungana na mizizi ya mtundu, muba na mkusu. Mti huupa uyoga sukari; uyoga nao huuletea mti maji na madini, hasa fosforasi, ambayo ni adimu katika udongo wetu wa kichanga. Anayekata mtundu kwa ajili ya kuni za bani la kukaushia tumbaku anakata na uyoga uliokuwa chini yake. Mtu mwenye kikapu na kisu hawezi kuuumiza msitu kiasi hicho, lakini naye ana madhara yake, na hayo ndiyo tunayoweza kuyazuia.

Hatua ya 1: Tafuta mwalimu

Picha za simu hazitoshi. Mwombe mama au bibi wa kijiji unachokwenda akuruhusu kufuatana naye. Msalimie vizuri, mbebee kikapu, usimharakishe kwa maswali. Kila anachookota, muulize anakiitaje, kinaota chini ya mti gani, na kinafanana na kipi kisicholiwa. Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Akikuonyesha sehemu yake, usirudi huko kesho peke yako na wateja.

Hatua ya 2: Jua ni ardhi ya nani

Msitu wa kijiji una serikali ya kijiji na kamati yake, anzia hapo. Msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) unahitaji kibali cha kuvuna mazao ya misitu. Ndani ya hifadhi ya taifa haichumwi kitu, na wengine bado hawajazoea kwamba Ugalla, lililokuwa pori la akiba, ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu 2019. Epuka pia kingo za mashamba ya tumbaku na pamba. Uyoga hufyonza vilivyomo udongoni, zikiwemo metali nzito, na viuatilifu hupeperushwa hadi pembezoni mwa shamba. Vivyo hivyo ukingoni mwa barabara yenye malori.

Hatua ya 3: Vifaa

Kikapu kilichofumwa, kisu kidogo, majani mapana ya kutenganishia aina moja na nyingine, buti. Rambo, mfuko wa plastiki, usibebe. Hata kabla haijapigwa marufuku Juni 2019 haikuwa ya kazi hii: uyoga huvuja jasho ndani yake na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 4: Nenda asubuhi, siku chache baada ya mvua nzuri

Tembea polepole chini ya mitundu na miuba mikubwa, palipo na majani yaliyooza na kivuli. Fuata njia zilizopo na mpite mmoja nyuma ya mwingine. Uswisi walifanya utafiti wa miaka mingi, matokeo yakachapishwa 2006: kuchuma uyoga hakukupunguza mavuno ya miaka iliyofuata, wala haikuleta tofauti kama umekatwa au umeng’olewa. Kilichopunguza uyoga uliojitokeza ni kukanyaga. Miombo si msitu wa Uswisi, lakini mimi naliamini somo hilo na ndiyo maana nakataa kundi la watu kumi kutawanyika sehemu moja.

Kwenye kichuguu, gonga ardhi kwa fimbo kwanza na uangalie mashimo. Nyoka hupenda kukaa humo.

Hatua ya 5: Tambua

Hapa usiwe na haraka. Aina mbili zinamfaa anayeanza.

Ya kwanza ni uyoga wa njano, wa rangi ya chungwa au mwekundu unaoota ardhini chini ya miti ya miombo, kofia ikiwa na umbo la faneli ukikomaa. Ugeuze. Chini ya kofia hakuna vibamba (vile vipande vyembamba kama kurasa za kitabu) vinavyotengana. Kuna mikunjo minene yenye matawi inayoteremka hadi kwenye shina. Ukikuta vibamba vyembamba vinavyobanduka kimoja kimoja, huo siyo.

Ya pili ni uyoga wa kichuguu. Mchwa hulima bustani ya ukungu ndani ya kichuguu, na mvua zikija bustani hiyo huchipua. Dalili yake kubwa ni mzizi mrefu unaoingia ardhini kuelekea huko chini. Mmoja wa jamii hii ndio uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Kofia yake hukaribia upana wa mita moja. Usiuchanganye na uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za uani, ambao hauna mzizi huo na vibamba vyake hugeuka kijani ukikomaa. Huo hutapisha vibaya.

Uyoga wowote wenye pete shingoni na kifuko chini ya shina, uache. Kweli, baadhi ya aina zenye kifuko huliwa hapa Tabora, na wenyeji hawakosei. Lakini jamii hiyohiyo ndiyo yenye aina zinazoua. Ili ukione kifuko, fukua kidogo udongo kuzunguka shina la uyoga mmoja. Ukikata juujuu tu, dalili inabaki ardhini.

Usisikilize habari za sarafu au kitunguu kinachobadilika rangi sufuriani, wala usemi kwamba ukiliwa na funza basi ni salama. Yote hayo hayapimi sumu. Sumu kali kuliko zote haitoki kwa kuchemsha wala kukausha, na huanza kuonekana saa 6 hadi 24 baada ya kula: kutapika, kuhara, kisha nafuu ya uongo huku ini likiharibika. Mtu akianza dalili hizo, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anasema amepata nafuu, na ubebe kipande cha uyoga uliopikwa au ulio mbichi. Kwa sababu hiyo kila unapopika, weka mmoja mbichi pembeni hadi kesho yake.

Hatua ya 6: Chuma

Acha vichanga ambavyo kofia haijafunguka: havina uzito, havitambuliki vizuri na havijamwaga mbegu. Acha pia iliyozeeka na kuliwa na wadudu. Hiyo ndiyo inayomwaga mbegu. Ya katikati chukua, lakini usimalize kundi lote. Rudisha majani makavu ulipoyafunua.

Wa kichuguu kata usawa wa ardhi. Kuufuata mzizi kwa jembe ni kuibomoa bustani ya mchwa, na hapo hakuna atakayevuna. Na moto usiuache nyuma yako kwa sababu yoyote; moto wa mwisho wa kiangazi huua miche ya mitundu ambayo uyoga unaitegemea.

Hatua ya 7: Nyumbani

Chambua siku hiyohiyo. Kwa aina unayoila mara ya kwanza, pika vizuri, kula kidogo, na usichanganye na nyingine. Watoto wasubiri.

Unaobaki, pasua vipande vyembamba na uanike juu ya chanja, si chini kwenye vumbi, ukiugeuza hadi uvunjike ukiukunja. Uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Siku ya kupika, uloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, umwage maji hayo pamoja na mchanga uliotuama, uukaange na kitunguu na nyanya, kisha uweke karanga zilizosagwa na uache uchemke taratibu huku ukisonga ugali.