Watoto watatu, mmoja hatembei: vile tunaishi nyumbani wapendane

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, aliniuliza juzi, mama wewe wafanyaje hawa wanao washikane hivi, manake wake yeye wagombana kutwa. Nikamwambia shoga yangu, hawakushikana hivi hivi tu. Nina binti wa miaka 12, kijana wa 9 mwenye mtindio wa ubongo, na kitinda mimba wa miaka 5, na kuna wakati nilikuwa nawatenganisha mwenyewe bila kujua.

Siku moja nikamsikia binti yangu pale mlangoni amwambia mwenzake, siwezi kuja kucheza mpira wa kati, mimi ndo miguu ya ndugu yangu. Yale maneno ni yangu mimi! Nilikuwa nikimsifu nayo mbele ya wageni, kumbe namtia mzigo shingoni. Nilikaa jikoni nikalia. Kwa hivyo la kwanza nakwambia ni hili, usimfanye dadake yaya. Kwangu sasa baada ya alasiri mpaka magharibi ni wakati wake binti, aende kwa wenzake, na nikiwa nimebanwa namuita shangazi yao au kazi inangoja. Na akisema leo sitaki kumsukuma, nimechoka naye, simwambii muogope Mungu mwenzio mgonjwa, namwambia sawa mama, pumzika. Ukimkataza kukasirika atakasirika kimya kimya, na hiyo ndo mbaya.

Halafu waambie ukweli. Watoto wasikia mitaani ati jini, ati mamake alirogwa, sasa usipowaambia wewe wataamini hayo. Mimi niliwaambia ubongo wake uliumia alipokuwa mdogo sana, ndo maana miguu na mkono mmoja hazimsikii, haiambukizi, na wala si kosa la mtu. Yule mdogo akauliza, kwa hivyo mimi nikilala naye sitakuwa hivyo? Kumbe alikuwa na hiyo hofu siku zote na hakuna aliyejua.

Sasa hili ndilo lililobadilisha nyumba yangu: mpe mtoto mwenye ulemavu kazi ya kweli, si ya kumfurahisha. Sisi maji ya mfereji ni ya bahati, twanunua kwa mkokoteni, na kijana wangu ndo karani wa maji. Anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu hapo mlangoni, mitungi ya lita 20 inapita mmoja mmoja, na kila ukipita anahamisha gololi moja kutoka kopo hili kwenda lile kwa ule mkono wake mzima, polepole, ulimi nje. Siku moja muuza maji akasema kumi, yeye akasema tisa, tukahesabu tukakuta tisa. Mdogo wake alitangaza mtaa mzima! Tangu siku hiyo wakibishana kitu wanaenda kumuuliza yeye. Tafuta kazi ambayo asipoifanya nyumba itakwama, iwe kuambua mbaazi, kushika pesa ya dukani, chochote mwili wake unaweza.

Adabu nayo iwe moja. Huyu mwenye ulemavu akimuuma mwenzake akemewe kama wengine, manake ukimwachia wale wawili wanaona na wanaweka moyoni.

Kwenye sikukuu jihadhari na mkono wa idi. Wageni wetu wana huruma, huyu anapewa mia mbili na wenzake hamsini, ama mwengine anawapa wale wawili na yeye anamruka kama hayupo, na zote mbili zinaumiza. Kwetu zote zinaingia kopo moja, jioni yeye karani anagawa sawa kwa sawa kabla hatujaenda uwanja wa Makadara kwenye bembea.

Pia wapeleke wote watatu Bombolulu, pale kwenye karakana za mafundi wenye ulemavu zilizoanza 1969. Binti yangu alimtazama fundi mmoja muda mrefu, tukiwa kwa matatu ya kurudi akaniuliza, kwa hivyo akikua anaweza kuwa na mshahara wake? Sikujua kama hilo ndilo lilikuwa likimkosesha raha.

Na mtoke pamoja, msimuache nyumbani na msaidizi kila mara. Pale Mama Ngina, kando ya bahari, pamesakafiwa vizuri, kiti kinateleza chenyewe. Ufuoni Pirates mchanga mkavu unameza magurudumu, kwa hivyo uliza saa za maji kwanza, nendeni yakiwa yamekupwa mshike ule mchanga ulolowa karibu na bahari, huo ni mgumu na hata wa miaka 5 anaweza kusukuma. Wangu humchimbia shimo la kukalia, wakamfukia mpaka kiunoni mgongo uwe na pa kuegemea, halafu nao wanajifukia kando yake wote watatu, mimi kazi yangu ni kuwalisha viazi karai mdomoni manake mikono yao yote imejaa mchanga.