Jinsi ya kulitembea bonde la Mlalo: anza chini, fuata maji

Wageni wengi wakifika Lushoto huenda Irente, hutazama tambarare ya Mazinde kule chini, kisha hugeuza. Irente panapendeza, sina neno. Lakini milima ya Usambara Magharibi hutaijua kwa kusimama ukingoni ukitazama nyika. Nenda Mlalo, bonde lililozungukwa na vilima kama bakuli, ulitembee kwa miguu siku tatu. Mimi wageni wangu huwapitisha hivi.

Hatua ya 1: Chagua msimu. Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu ukilowa huteleza, na njia za huku ni za mteremko. Juni hadi Agosti njia hukauka lakini usiku ni baridi, kwa hiyo beba sweta nzito hata kama umetokea Tanga mjini ukitokwa jasho.

Hatua ya 2: Fika, ulale. Shuka Mombo kwenye barabara kuu, panda gari la Lushoto kupitia Soni, kisha la Mlalo. Njiani mtapita msitu wa Magamba, makao ya mbega. Ukitaka kuingia msituni humo, kata kibali kwanza, maana ni hifadhi. Badilisha noti kubwa ukiwa Lushoto. Vitongojini chenji ni shida.

Hatua ya 3: Jitambulishe. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayobeba safari nzima. Nenda ofisi ya kijiji, mweleze mtendaji unakotaka kupita, umwombe akutafutie kijana wa hapo wa kukuongoza. Elewaneni malipo kabla ya kuondoka. Njia nyingi hupita katikati ya mashamba na nyuani mwa watu, na mgeni asiye na mwenyeji huwatia wasiwasi wenye nyumba. Mzee mpe shikamoo yake. Ukiongeza "onga makeo", salamu ya asubuhi ya Kisambaa, utaona nyuso zinavyofunguka. Usimpige mtu picha kabla hajakubali.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza usipande popote. Tembea chini, kandokando ya maji. Mto Umba huanzia msitu wa Shagayu, hupita bonde hili, halafu huteremka nyikani na kuvuka mpaka hadi baharini karibu na Vanga, Kenya. Tazama wakulima wanavyoyagawana maji ya mifereji kati ya kabichi, nyanya na karoti. Mfereji uruke, usiukanyage. Ukingo ukibomoka umemharibia mtu kazi ya asubuhi nzima.

Ukiinua macho utaona matuta kwenye miteremko. Hapo mwulize mwenyeji wako habari za wazee. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo hapahapa Mlalo, ikawalazimisha watu kulima kwa matuta. Wasambaa waliupinga kwa nguvu, hasa wanawake na wakulima wenye mashamba madogo, kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa na amri ilitoka kwa watu wasioshika jembe. Mimi kila nikipita na mgeni husimama hapo. Bila habari hiyo mteremko huo ni kijani tu.

Hatua ya 5: Siku ya pili panda vitongojini, na ujue kuuliza njia. Tuseme unaulizia Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima. Usiulize, "Njia hii inakwenda Mtae?" Kwa adabu utajibiwa ndiyo. Uliza, "Njia ya Mtae ni ipi?" Wala usiulize kama ni mbali, maana utaambiwa "hapo tu" na anayepanda kilima hicho kila siku akiwa na mzigo kichwani. Uliza, "Nikitoka sasa nitafika saa ngapi?" kisha ongeza nusu ya muda huo wa kutembea.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, Mtae. Tenga siku nzima, uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Beba maji, koti la mvua, tochi, na ramani uliyoipakua kabisa kwenye simu, kwani mtandao hukatika. Juu kule ukungu hushuka ghafla. Mwaka mmoja ulinikuta karibu na Shagayu nikiwa na wageni wawili. Tulikaa chini ya mti zaidi ya saa moja bila kuona mita kumi mbele, na sijajutia kusubiri. Ukungu ukikukuta, kaa. Usijaribu njia ya mkato.

Mtae imejengwa kwenye ukingo, na chini yake ardhi inashuka zaidi ya mita 1,000 hadi nyika ya Mkomazi. Wasambaa hutenganisha wazi Shambaai, nchi ya milimani, na nyika. Ukiwa umetembea siku tatu kutoka kwenye mifereji ya Mlalo, tofauti hiyo utaihisi miguuni. Anga likiwa safi alfajiri, Kilimanjaro huonekana, kwa hiyo lala hapo. Ila ulizia jioni hiyohiyo gari la kurudi Lushoto, kwa sababu huondoka kungali giza.