Vifaranga vya bata mzinga hufa njaa chakula kikiwa mbele yao

Ukivileta vifaranga vya bata mzinga kwenye bruda (sehemu ya kulelea vifaranga yenye taa ya joto), usimwage tu chakula ukaondoka. Tofauti na vya kuku, hivi ni vizito wa kujifunza kula. Vingine husimama kando ya sahani iliyojaa mpaka vife, hasa kiini cha yai kilichobaki tumboni kikiisha, siku ya tatu hadi ya tano hivi. Kwa hiyo siku ya kwanza shika kimoja kimoja, kichovye ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu (pua zisizame), halafu kwenye chakula. Inachosha, najua. Weka pia gololi za rangi ndani ya maji: kinachometameta huvivuta kudonoa, na gololi huzuia visizame.

Chakula kiwe cha vifaranga vya bata mzinga, protini asilimia 26 hadi 28. Cha vifaranga vya kuku hakitoshi.

Joto lianzie nyuzi 35 hadi 37 usawa wa migongo yao, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Vikirundikana chini ya taa, vina baridi. Vikikimbilia pembeni huku vinahema, taa iko chini mno. Mimi huviamini vyenyewe kuliko kipimajoto.

Usitandike gazeti tupu, linateleza na miguu hutanuka. Na visikae na kuku wala pale walipofugwa kuku: minyoo ya kuku hubeba vimelea vya ugonjwa wa ini unaoua bata mzinga upesi.