Jinsi ya kuibana Suzuka kwenye meza ya futi 8 kwa 4 (treki ya magari ya sloti)

Haya wadau, hii ni ya wale wenye chumba kimoja kidogo na tamaa kubwa. Kwa mgeni kabisa: gari la sloti ni kigari cha umeme chenye kiulimi chini kinachoingia kwenye mfereji wa barabara, pembeni ya mfereji kuna reli mbili za umeme, we unashika kontrola, ukiminya sana kwenye kona linaruka nje, basi. Huku Uingereza Scalextric wapo kwenye biashara hii tangu 1957 kwa hiyo vipande vya mitumba vimejaa kwenye masoko ya Jumapili, na mimi naongelea vipande vyao vya Sport, skeli 1:32, leni mbili. Ukikuta vile vya zamani vya Classic ujue haviungani na Sport moja kwa moja, vinataka kipande cha kuunganishia.

Hatua ya 1: achana na ndoto ya kukopi saketi nzima

Suzuka, saketi ya mbio za Formula 1 (F1) kule Japani, ina kilomita 5.807. Gawa kwa 32 unapata mita 181. Ile kona ya 130R imeitwa hivyo kwa sababu nusu kipenyo chake cha awali kilikuwa mita 130, kwa skeli yetu hiyo ni mita 4 na ushee, yaani kona moja tu inatoboa ukuta inaingia kwa jirani. Kwa hiyo hatukopi, tunachukua tabia yake. Na tabia kuu ya Suzuka ni moja, kwenye kalenda ya F1 ndio saketi pekee inayopita juu yake yenyewe, umbo la 8 na daraja katikati. Hilo ndilo tunalolitaka na sababu sio urembo.

Hatua ya 2: elewa kwa nini 8 na sio yai

Hapa ndipo watu wengi hawafikirii kabisa. Leni mbili za Sport zimeachana milimita 78. Treki yoyote isiyojikata, iwe yai, iwe na kona hamsini za ajabu ajabu, leni ya nje lazima iwe ndefu kuliko ya ndani kwa karibu sm 49 kila mzunguko, kwa sababu mwisho wa siku umegeuka nyuzi 360 upande mmoja. Kona za kushoto na kulia za katikati zinafutana, ile 360 haifutiki. Mizunguko 20 ni karibu mita 10, na treki yenyewe tunayojenga ni mita 7! Yaani mwenzako ameshindwa kabla hajashika kontrola. Ukiikunja ikawa 8, kushoto na kulia zinakuwa sawa na leni zinakuwa sawa. Kipimo cha kujua ni rahisi: jumlisha nyuzi za kona zote za kushoto, jumlisha za kulia, zikilingana umemaliza, haijalishi kona ni kubwa au ndogo.

Hatua ya 3: pima chumba, halafu pima mkono wako

Shiti moja ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ni mm 2440 kwa 1220, inaingia kwenye chumba cha mita 3 kwa 2.5 na nafasi ya kusimama inabaki upande mmoja. Shida ni kwamba mkono wa mtu mzima unafika sm 75 mpaka 80 hivi ukiinama bila kulalia treki, na meza ina kina cha sm 122, kwa hiyo gari likiruka kule ukutani utalifuata na fagio. Weka magurudumu chini ya miguu ya meza uweze kuivuta. Ni kazi ya nusu saa na inaokoa ugomvi mwingi.

Hatua ya 4: jua kona zako

Kona zinaitwa R1 mpaka R4, R1 ndio kali kuliko zote na R4 ndio pana kuliko zote. R1 ikigeuka nusu duara inakula upana wa mm 428 ukingo hadi ukingo, R2 mm 740, R3 mm 1052, R4 mm 1364. R4 nzima kwenye meza yetu haingii, sahau. R1 inaingia popote lakini ni kona ya mateso, mikia inagongana magari mawili yakiingia pamoja, kwa hiyo itumie ukijua unachofanya.

Hatua ya 5: mchoro wenyewe

Katikati weka makutano ya nyuzi 90, barabara mbili zinakatana kama X. Kushoto funga na kitanzi kimoja kikubwa cha R3, nyuzi 270, hivyo ni vipande 12 vya 22.5. Hiyo ndio Spoon yako, ile kona ya Suzuka ndefu ya kushika pumzi, gari linateleza taratibu na we unaliongezea moto kidogo kidogo. Kitanzi hiki kinakula sm 105 za kina kwa hiyo kila upande zinabaki kama sm 8 za mkia kuchezea.

Kulia ukifunga na kitanzi kingine cha R3 utapata treki ya mita 6, nzuri lakini inachosha, pande zote ladha moja. Badala yake tunakunja kama utumbo. Kila mguu wa X ukitoka katikati unanyooshwa na kipande kimoja cha R2 cha nyuzi 45, kisha streti (kipande kilichonyooka) ya mm 350, kisha U ya R1 (vipande vinne), streti ya 350 kurudi ndani, U ya R1 kwenda upande wa pili, streti ya 350, U ya R1 tena, streti ya 350, R2 ya 45, umerudi kwenye X. Jumla U tatu na streti nne. Hizo ndio S za Suzuka, kichaa kidogo lakini zinakaa. Hesabu ya nyuzi: 45 + 180 − 180 + 180 + 45 = 270, inalingana na Spoon upande wa pili, leni sawa. Upande huu unakula kina cha sm 97 tu, barabara na barabara zimeachana sm 11 na nusu, na treki nzima inafika kama mita 7 ndani ya sm 225 za urefu wa meza. Mita nzima ya bure, bila kuongeza meza.

Miguu ya X yenyewe inatakiwa iwe karibu sm 90 kila mmoja, ncha hadi ncha. Hapo utacheza na vipande vifupi vya 175, 87 na 78 mpaka treki ifunge. Fanya kwenye kompyuta kwanza, programu kama Ultimate Racer inakuonyesha pengo limebaki wapi. Milimita mbili tatu vipande vinavumilia, ikifika sentimita usilazimishe, viungo vitapanda na gari litakuwa linaruka hapo kila siku na utamlaumu mwenye gari.

Hatua ya 6: flaiova

Magari mengi ya GT yana kimo cha sm 4 hivi, lakini weka uwazi wa sm 7, ukijumlisha unene wa kipande uso wa barabara ya juu unakuwa kama sm 8. Kutoka mwanzo wa mguu mpaka katikati ya X ni sm 45 tu, ukipandisha sm 8 hapo ni mwinuko wa karibu 18%, huo ni ukuta. Kwa hiyo anza kupanda katikati ya Spoon: una sm 105 za kona na 45 za mguu, mita moja na nusu, inashuka mpaka 5% na kidogo. Kama Suzuka halisi, barabara inayotoka Spoon ndio inapita juu. Upande wa pili kushuka kuishe kwenye ile streti ya kwanza kabla ya U, ni kama 8% lakini kushuka magari hayalalamiki. Usishuke ndani ya R1 hata siku moja. Na kila kiungo kinachopanda kiwekewe nguzo yake, sio kila cha tatu, barabara ikibonyea katikati kiulimi kinaachia reli na gari linazima.

Hatua ya 7: umeme

Reli ni chuma na kila kiungo kinakula umeme kidogo, kwa hiyo kwenye mita 7 gari litakuwa kali karibu na kontrola na zembe upande wa mbali. Vuta waya nne kutoka kipande cha umeme, lehemu chini ya reli upande wa pili wa treki. Kwenye 8 macho yanadanganya kwa sababu leni zinaonekana zimebadilishana, kwa hiyo fuata mwelekeo wa gari, reli ya kushoto kwa ya kushoto, hakikisha na malitimita (kipima umeme) KABLA ya kuwasha.

Hatua ya 8: endesha kabla ya kufunga skrubu

Laza vipande bila kufunga, endesha siku kadhaa. Mimi ningetoa sumaku za chini ya gari kabisa, kwenye treki fupi ya kona kali sumaku zinafanya gari ling'ang'anie barabara mpaka uendeshaji hauna maana, halafu ukipata adapta ya kurekebisha shusha kutoka volti 12 mpaka 9 au 10. Kama gari linaruka sehemu moja mara zote hata ukienda taratibu, hiyo ni kiungo, sio dereva. Kwenye nje ya kila U ongeza ukingo wa kadibodi ngumu au MDF nyembamba uliolingana na barabara, mkia upate pa kupita.

Ukiridhika funga skrubu kwa kulegeza kidogo, maana plastiki inatanuka chumba kikipata joto. Rangi, nyasi, vibanda vya watazamaji, yote hayo baadaye, ila chini ya flaiova usibandike chochote, mkono wako lazima upite hapo, gari lako litakwama hapo tu.