Jinsi ya Kupima Pendekezo la Tozo ya Kaboni ya Dunia: Mfano wa Meli

Anayetaka kujua iwapo tozo ya kaboni ya dunia nzima, yaani malipo yanayotozwa kwa hewa ukaa inayotolewa, inaweza kuzifaa nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi aanze na hesabu, na iliyo rahisi kufuatwa ni ya meli za kimataifa. Tani moja ya mafuta mazito ikiungua melini hutoa takriban tani 3.114 za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Chukua meli ya mfano inayochoma tani 50 kwa siku katika safari ya siku 20: mafuta ni tani 1,000, hewa ukaa tani 3,114. Kwa tozo ya dola 100 kwa tani ya hewa ukaa, kiwango ambacho Visiwa vya Marshall na Visiwa vya Solomon vilipendekeza mwaka 2021, safari hiyo itadaiwa dola 311,400. Zigawe kwa makontena 5,000, na kila moja litabeba dola 62 hivi. Lenye tani 20 za mchele litaongezewa dola 3 na senti chache kwa tani. Fanya hesabu hii kabla ya kukubali dai kwamba tozo itamnyima mnunuzi wa Mombasa chakula, ingawa wenye meli wanaweza kupandisha nauli kupita tozo yenyewe.

Kisha angalia ni tani zipi zinazotozwa. Mpango ulioidhinishwa London mwezi Aprili 2025 katika Shirika la Kimataifa la Bahari haukulenga kila tani, bali zile zinazozidi viwango vilivyowekwa, kwa dola 100 au 380 kwa tani, kutegemea kiwango kilichozidiwa. Oktoba mwaka huohuo, uamuzi wa kuupitisha rasmi uliahirishwa kwa mwaka mmoja.

Swali linalostahili muda mrefu zaidi ni fedha zinapita wapi. Ahadi ambayo nchi tajiri zilizipa nchi zinazoendelea Copenhagen mwaka 2009, ya dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, ilitimia mwaka 2022 tu, nayo ilitegemea bajeti ambazo kila serikali hupanga upya kila mwaka. Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, ulioundwa chini ya Itifaki ya Kyoto, ulipewa njia nyingine, yaani asilimia 2 ya hati za kaboni za miradi ya maendeleo safi, hati zinazouzwa ambazo miradi ya kupunguza hewa ukaa katika nchi zinazoendelea ilipewa. Fedha hizo hazikuhitaji kuombwa kwa mtu, ila bei ya hati ilipoporomoka, mapato nayo yakaanguka. Kwa hiyo napendelea tozo inayotajwa kwa dola kwa tani, isiyofuata bei ya soko, na inayoingia moja kwa moja kwenye mfuko wa tabianchi bila kupitia hazina ya nchi yoyote.

Azimio la Nairobi la Septemba 2023 lilitaka tozo kwenye biashara ya mafuta ya kisukuku, meli na ndege, na hilo ni dai la haki. Hata hivyo, mfuko wa mpango wa London umeelekezwa zaidi kwenye mageuzi ya sekta ya meli yenyewe. Mkulima wa pwani ambaye shamba lake limeingiliwa na maji ya chumvi yuko mbali nao. Unapoandaa maoni kwa wizara, dai kifungu kinachotenga asilimia maalumu kwa ajili ya kuhimili athari, na kinachosema waziwazi kuwa fedha hizo ni ruzuku, si mkopo.