Namna ya kutafsiri "beg" bila kukwama kwenye "omba"

Kamusi itakupa "omba" na kukuacha hapo hapo. Nami niliridhika nayo kwa miaka, mpaka mhariri mmoja alipoizungushia wino mwekundu sentensi yangu: "Mama alimwomba askari asimchukue mwanawe." Pembeni aliandika: "Kama anaomba chumvi?"

Hatua ya 1: Pima uzito. "Omba" ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Unaomba maji mgahawani, unaomba kupita kwenye daladala. "Beg" yenyewe hasa imepiga magoti. Kwa hiyo mama yule alimsihi askari, au alimwangukia miguuni. Anayemzuia mpenzi asiondoke humbembeleza, kitenzi kilekile cha kumtuliza mtoto anayelia. Anayechapwa hulia ahurumiwe.

Hatua ya 2: Angalia kama ni adabu tu. Hapa "omba" inarudi, tena kwa haki yake. Waziri bungeni Dodoma husema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Hiyo ni "I beg to move" ya mabunge yanayofuata desturi za Uingereza, na hakuna anayemlilia mtu. "I beg to differ" nayo: naomba kutofautiana nawe. Ila "I beg your pardon?" ya mtu ambaye hakusikia ni "Unasemaje?" tu, au "Samahani, sijakusikia."

Hatua ya 3: Mtafute ombaomba. Neno "beg" limeshikana na watu wa barabarani tangu Kiingereza cha Zama za Kati. Wako wanaolitoa kwenye kitenzi cha kale "bedecian", na wako wanaolitoa kwenye "begart" ya Kifaransa cha kale, jina la wanaume wa vikundi vya kidini vya Ulaya ambao baadhi yao waliishi kwa kuombaomba. Mimi mwenyewe navutwa na hao wa pili, kwa sababu tu kisa chao ni kitamu. Palipo na mtu na kopo lake, andika "kuombaomba". Kazi au bidhaa zikiwa "going begging", zimedoda.

Hatua ya 4: "Beg the question". Hapa wengi huteleza. Msemo ulitoka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ukapitia Kilatini, "petitio principii", ukaingia Kiingereza katika karne ya 16. Maana yake ya asili ni kuchukulia kuwa kweli jambo lilelile unalotakiwa kulithibitisha: "Huyu hadanganyi, kwa sababu ni msema kweli." Lakini siku hizi magazeti ya Kiingereza huutumia msemo huu kwa maana ya kuzua swali. Soma maneno yanayofuata. Likija swali lenye alama yake mwishoni, andika "jambo hili linazua swali". Lisipokuja, rudi kwa Aristotle: "Anajengea hoja juu ya jambo ambalo bado hajalithibitisha." Ni ndefu, najua. Mhariri yule aliipitisha bila wino.